Saa 7, saa 13 au saa 15? Kisa cha tiketi moja ya Nairobi–New York

Mteja huyu tumwite Mwalimu, maana ndivyo Kisauni nzima, huku kwetu Mombasa, inavyomwita. Alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na Januari hiyo alikuwa anamwendea binti yake aliyeolewa Jersey City, ng'ambo tu ya mto ukitoka Manhattan. Tiketi ilikwisha kulipwa. Alikuja ofisini kwangu na karatasi mkononi, na hakutaka kununua kitu. Alitaka kujua atakaa ndani ya ndege kwa muda gani, kwa sababu ana dawa za presha za kunywa kwa saa na magoti yasiyopenda kukunjwa.

Majibu alikuwa nayo matatu. Kijana wake wa mwisho aliisoma tiketi akamwambia ni saa 7, "ni kama kupanda basi la Nairobi, baba." Binti aliingia kwenye kikokotoo cha mtandaoni, akaandika Nairobi upande mmoja na New York upande wa pili, kikamtolea kilomita 11,840 hivi na saa 13 na dakika chache. Mimi mfumo wangu wa tiketi ulisema saa 15. Mwalimu akaniangalia kama mwanafunzi aliyekosea hesabu ubaoni. "Sasa mwanangu, nani kati yenu anajua?"

Wote watatu walikuwa na haki ya kusema walichosema. Kila mmoja alikuwa anapima kitu chake. Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu wateja wa safari za mbali huniuliza swali hilihili kila wiki, na jibu la neno moja haliwasaidii.

Tuanze na kijana na saa zake 7, kwani hapo ndipo wengi huangukia. Tiketi ilisema kuondoka Nairobi 23:25 na kufika JFK, uwanja wa ndege wa New York, 06:25, na pembeni pale kuna alama ndogo ya +1, yaani siku inayofuata, ambayo macho huiruka. Kwa saa zetu, hiyo ni saa tano na dakika 25 usiku mpaka saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Ukitoa, unapata 7 kamili. Lakini kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji ule ndege iliko wakati huo. 23:25 ni ya Nairobi, 06:25 ni ya New York. Januari, New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Ndege inapofika langoni kule saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi yao, Kisauni ni saa nane na dakika 25 mchana. Kuanzia saa tano na dakika 25 usiku mpaka saa nane na dakika 25 mchana ni saa 15. Tiketi haikudanganya, ila haikuandikwa ili itolewe kichwakichwa.

Hizo 8 zenyewe hazikai mwaka mzima. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi huku karibu na ikweta hatuna sababu ya kufanya hivyo, kwa hiyo pengo linakuwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na 8 wakati wa baridi. Safari hii ya moja kwa moja ilipozinduliwa na Kenya Airways, usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, ilikuwa imebaki wiki moja tu Wamarekani warudishe saa nyuma, Novemba 4. Abiria wa wiki ile ya kwanza walikuwa na pengo la saa 7, na wa wiki iliyofuata pengo la saa 8, katika njia ileile na ndege ileile. Kwa hiyo anayekuambia "toa nane" muulize kwanza unasafiri mwezi gani.

Na kwa kuwa nimegusa usomaji wa saa, kuna balaa lingine linalozidi hilo, japo halikumhusu Mwalimu. Tiketi ya 00:25 ya tarehe 10 ni ya usiku ambao sisi bado tunauita usiku wa tarehe 9. Mtu anaaga nyumbani tarehe 10 jioni, anafika uwanjani na mabegi na nusu ya ukoo, ndege yake imeshaondoka jana.

Haya, kilomita. Hapa Mwalimu alinikatiza akasema atanionyesha mwenyewe. Siku ya pili alirudi na tufe lake la darasani, la zamani, bado lina nchi ambazo zimeshabadili majina, na uzi mweusi wa kushonea. Akabana ncha moja ya uzi kwa kidole pale Nairobi, akauvuta mpaka New York ukakaza. Uzi uliokaza juu ya tufe ndiyo njia fupi kuliko zote, ile wanayoiita duara kuu, na ndiyo kikokotoo cha binti kilichopima.

Uzi haukupita nilikotarajia mimi niliyezoea ramani ya ukutani. Ulitoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, karibu nusu kwa nusu, ukapita Uganda jirani na Lira, ukakata Sudan Kusini, ukagusa kona ya Darfur, ukaingia Chad karibu na Abéché, kaskazini mwa Niger, katikati ya jangwa la Algeria, halafu ukaiacha Afrika pale pwani ya Moroko karibu na mji wa Safi. Kutoka hapo ni bahari: visiwa vya Azores vya Ureno, kisha uzi ukapanda mpaka digrii 42 kaskazini, juu kuliko New York yenyewe, ndipo ukashuka kuingia mjini kutoka upande wa kaskazini-mashariki.

Kwenye ramani ya ukutani, ukiweka rula kati ya miji hiyo miwili, mstari unapita Burkina Faso na kuingia baharini Mauritania. Unaonekana mfupi kwa kuwa umenyooka. Nilipiga hesabu yake: ni kama kilomita 12,180. Njia ya uzi ni 11,840. Rula inakupoteza kilomita 340 hivi, ambazo kwa ndege kubwa ni zaidi ya dakika 20 na mafuta ya bure. Ramani bapa huitanua dunia kadiri unavyokwenda kaskazini, na rula haijui hilo. Mwalimu alifurahi mno. Alisema amewaeleza watoto jambo hili miaka yote na hakuwahi kuliona likiwa na bei.

Basi kikokotoo kinachukua kilomita 11,840, kinagawa kwa kasi ya ndege, kama kilomita 900 kwa saa, kinatoa saa 13 na dakika 10. Boeing 787 Dreamliner inayofanya safari hii kweli hutembea katika kasi hiyo ikiwa juu. Kwa hiyo binti naye hakukosea. Ila kikokotoo kinafikiria ndege iliyozaliwa angani, ikiwa tayari na kasi yote, inayopita juu ya uzi bila kugeuka hata nukta, katika hewa isiyotikisika, na inayotoweka ikifika juu ya JFK. Ndege ya namna hiyo haipo.

Kwanza njia. Uzi wa Mwalimu unakatiza nchi ambazo anga lake halipitiki kila siku. Sudan ilifunga anga lake vita vilipozuka Aprili 15, 2023, na ile kona ya Darfur ikawa ya kuzungukwa. Niger nayo, baada ya mapinduzi ya Julai 2023, ilifunga anga lake Agosti 6 na kulifungua Septemba 4. Tazama tena uzi: Niger iko papo hapo njiani. Mwezi ule kila ndege iliyokuwa na kawaida ya kupita pale ilibidi ivutwe pembeni. Abiria hakuona kitu. Aliona tu kwenye skrini ya kiti chake kuwa muda uliobaki umeongezeka. Tena hata siku za amani ndege haifuati uzi; inafuata vituo vya angani vilivyopangwa, inapokewa na waongozaji wa nchi moja na kukabidhiwa kwa wa nchi nyingine, na kila mkunjo una kilomita zake.

Upepo ndio mkubwa. Juu kule ndege inakopita, kati ya kilomita 10 na 12 kutoka ardhini, upande wa kaskazini wa Sahara na Atlantiki kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya kaskazini huwa mikali sana, inaweza kupita kilomita 200 kwa saa mahali inapokolea. Mwalimu anaenda Januari, tena anaenda magharibi. Maana yake ni kwamba kuanzia Algeria mpaka Marekani yumo ndani ya upepo unaomsukuma kifuani. Ndege inajiona inatembea kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa, lakini hewa yenyewe inarudi nyuma, na kasi juu ya ardhi inakuwa 850, pengine 800, na mahali pabaya hata chini ya 750.

Ndiyo maana kabla ya kila safari kuna watu wanaokaa na ramani za upepo na kuchora njia upya. Wakiona mkondo umekaa vibaya juu ya uzi, wanaipeleka ndege kusini zaidi, ambako upepo ni mpole. Kilomita zinaongezeka, muda unapungua. Hapa ndipo kipimo cha umbali kinapopoteza maana kwa abiria: njia ndefu kwa kilomita 250 inaweza kukufikisha mapema kuliko ile fupi. Nilimwambia Mwalimu, akanyamaza kidogo, akauondoa uzi kwenye tufe akaukunja mfukoni.

Tukapiga hesabu ya penseli, si ya shirika, ni yetu wawili pale mezani. Chukua njia iliyorefushwa kidogo, kilomita 12,100. Chukua upepo wa kifuani wa wastani wa kilomita 50 kwa saa kwa safari nzima, kwa kuwa huku kwetu ikweta upepo huo haupo na unabidi ugawanywe. Kasi juu ya ardhi ni 850. Inatoka saa 14 na dakika 14. Ongeza muda wa ardhini, kwa sababu saa za tiketi huanza ndege inaposukumwa kutoka langoni, wala haingoji iruke, na huisha inapoegeshwa. Kutembea mpaka njia ya kurukia, kungoja zamu, kupanda taratibu na tumbo zito la mafuta, kushuka kwa kupangwa foleni na ndege nyingine za alfajiri pale JFK, kutembea tena mpaka langoni: weka dakika 45. Saa 14 na dakika 59.

"Saa 15," akasema Mwalimu.

Kurudi ni kwingine. Tiketi za majira hayohayo ya baridi husema kuondoka JFK 12:25 na kufika Nairobi 10:55 kesho yake. Toa utapata saa 22 na nusu; punguza 8 za pengo; zinabaki saa 14 na nusu. Sasa upepo uko mgongoni. Kwa penseli yetu, ndege yenye kilomita 11,950 na kasi ya 940 juu ya ardhi inatumia saa 12 na dakika 43, ukiongeza zile 45 za ardhini unapata chini kidogo ya saa 13 na nusu. Saa nzima imebaki juu. Hiyo nayo ina kazi yake. JFK adhuhuri ya Januari, ndege inaweza kupangwa foleni ya kumwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu kwenye mbawa, halafu foleni nyingine ya kuruka. Mashirika huweka akiba ya muda kwenye ratiba ili ndege ikichelewa kuondoka bado ifike kwa wakati ulioandikwa. Ndiyo maana rubani hutangaza kwa furaha kuwa tumefika dakika 40 mapema. Furaha yake si ya uongo, lakini mimi kila nikiisikia najua ilikuwa imepangwa.

Kuna jambo ambalo halipo kwenye saa yoyote kati ya hizi, lakini bila hilo safari isingekuwepo. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Injini hazipati nguvu zake zote na mbawa zinahitaji kasi kubwa zaidi ndipo zibebe. Na ndege inayokwenda New York huondoka na shehena kubwa ya mafuta kuliko zote: Kenya Airways ilipoitangaza safari hii ilisema inahitaji tani 85 za mafuta kila upande, marubani 4 na wahudumu 12. Dreamliner ya aina hiyo hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kama tani 228, kwa hiyo zaidi ya theluthi ya uzito ni mafuta matupu. Hewa ikiwa ya moto inakuwa nyepesi zaidi. Kuondoka karibu na saa sita za usiku, Nairobi ikiwa imepoa, kunasaidia injini, licha ya kumfikisha abiria asubuhi akiwa na siku nzima ya kuunganisha ndege kwenda Ohio au Texas.

Linganisha na Addis Ababa, ambako uwanja uko juu zaidi, mita 2,300 na ushee. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopian za kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani, Dublin kwa mfano, kuongeza mafuta, ilhali zinaporudi huja moja kwa moja, maana Washington iko chini karibu na usawa wa bahari na hewa yake ni nzito. Umbali ni uleule kwenda na kurudi. Muda unatofautiana kwa saa kadhaa kwa sababu ya kilima ambacho mji umejengwa juu yake.

Mwalimu alikuwa na swali alilolihifadhi mpaka mwisho, na naungama ndilo lililonipendeza. Ni mtu wa swala tano. Alfajiri ataisali wapi?

Tukafuatilia jua. Katikati ya Januari, Nairobi jua huzama kama saa kumi na mbili na dakika 40 jioni. New York huchomoza kama saa moja na robo asubuhi yao, ambayo kwetu ni saa tisa na robo alasiri. Mtu anayesafiri usiku ule anaishi usiku mmoja wenye zaidi ya saa 20. Akiwa juu ya Algeria, Kisauni watu wanatoka msikitini kwa swala ya alfajiri. Yeye nje ya dirisha ni giza totoro. Saa yake ya mkononi inasema saa tatu asubuhi, saa nne, saa tano, na giza ni lilelile. Anakimbia kutoka mapambazuko.

Lakini hawezi kuyashinda mbio. Dunia pale ikweta inazunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa, na kwenye latitudo ya New York ni kama 1,270. Ndege ni 850. Mapambazuko yanakuja nyuma yake, yanapunguza pengo kila dakika, na kwa ratiba hii yanamkuta mlangoni kabisa: weupe wa alfajiri ya New York mwezi huo huanza kati ya saa kumi na mbili kasorobo na saa kumi na mbili, yaani ndege ikiwa inashuka, watu wamefungwa mikanda na meza zimerudishwa. Inafika langoni saa kumi na mbili na dakika 25. Jua linachomoza saa moja na robo. Ana dakika kama 50 za kushuka, kutembea korido ndefu na kusimama kwenye foleni ya uhamiaji. Namna ya kuisali ndani ya muda huo alikwenda kumuuliza imamu wake, si mimi. Nilichompa ni saa za jua tu.

Dawa ndizo zilikuwa rahisi. Daktari wake alimwambia azinywe kwa saa za Kenya mpaka afike, kisha azihamishe polepole. Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa asiiguse saa yake ya mkononi mpaka atoke uwanjani. Simu itajibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa kule, na hapo ndipo watu hunywa kidonge mara mbili.

Sasa, saa 15 ni za langoni mpaka langoni. Mwalimu haishi langoni. Kwa safari za mbali mimi hupenda kuhesabu kutoka kitandani hadi kitandani, na hapo ndipo tulipobishana. Yeye alitaka apande treni ya SGR ya asubuhi, kwa kuwa anaipenda na anaona wanyama wa Tsavo. Toka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, vuka daraja la Nyali, pita msongamano mpaka stesheni ya Miritini. Treni inatumia saa tano au sita kufika stesheni ya Syokimau, Nairobi. Halafu kaa Nairobi ukingoja mpaka usiku. Kisha ndege saa 15. Kisha JFK, uhamiaji na mabegi, tuseme saa 2, na gari mpaka Jersey City, muda wa saa moja na nusu kwa foleni ya asubuhi. Kwa saa za Kenya anaingia nyumbani kwa bintiye saa kumi na mbili jioni ya siku ya pili. Saa 36. Akipanda ndege ya jioni kutoka Mombasa, anatoka nyumbani saa kumi na moja alasiri na kufika saa ileile. Saa 25. Hizo 11 za tofauti zote zimo ndani ya Kenya, katika kipande cha kilomita 500 ambacho kikokotoo cha binti hakikukitaja kabisa.

Binti naye aliwahi kufikiria kumpitisha Doha, kwani nauli ilikuwa nzuri wiki ile. Nairobi–Doha ni kama kilomita 3,350, Doha–New York kama 10,770. Jumla 14,120, ni kilomita 2,280 zaidi ya uzi wa Mwalimu, kwa sababu unakwenda kaskazini-mashariki kwanza ndipo urudi magharibi. Angani peke yake inakaribia saa 20, bado hujangoja uwanjani. London ni hadithi nyingine: 6,840 kisha 5,540, jumla 12,380, karibu sawa na njia ya moja kwa moja. Ukitazama kilomita tu, London ni nyongeza ya 540. Kwa saa lakini unaongeza kushuka, kukaguliwa upya, kungoja na kuruka tena, na kwa mzee mwenye magoti mabovu kungoja kwenye kiti cha chuma kunaweza kuwa kubaya kuliko kukaa ndani ya ndege. Au kunaweza kuwa kuzuri: kuna wazee wangu wengine ambao kunyoosha miguu saa 3 London ni afadhali kuliko saa 15 mfululizo. Hapo sina kanuni. Namuuliza mtu mwenyewe, na namuuliza pia ikiwa anajua kuulizia njia kwenye uwanja mgeni. Mwalimu alisema anajua, ila hataki. Moja kwa moja ikabaki.

Tulichobadilisha ni mambo mawili. Kiti kikawa cha upande wa njia ya kupita, ili asimame kila baada ya saa 2 bila kumwamsha mtu. Katika usiku wa namna hii dirisha halina la kuonyesha hata hivyo. Na kipande cha Mombasa–Nairobi tukakiingiza kwenye tiketi hiyohiyo ya New York badala ya kukinunua kando. Nauli ilipanda kidogo na binti akaguna. Nilimweleza kuwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni safari mbili: ndege ya Mombasa ikichelewa, ile ya usiku haitamngoja, na hakuna anayelazimika kumpa kiti cha kesho. Zikiwa tiketi moja, mzigo unapokelewa uwanja wa Moi, Mombasa, na kuandikwa JFK, na ucheleweshaji ni tatizo la shirika kulitatua. Alipotuma pesa za nyongeza nilimchapia Mwalimu ratiba upya, kila saa nikaiandika mara mbili, ya huku na ya kule. Ya kurudi, ambayo ni Aprili, nikaiwekea pengo la 7.